Lami yenye mpira wa matairi haiyeyuki juani

Wapo wanaoamini, tangu zamani, kwamba barabara iliyotiwa mpira wa matairi chakavu italainika kwa jua kali na kunata kwenye magurudumu. Imani hiyo haina msingi. Mpira wa tairi umekwisha kupikwa kiwandani pamoja na salfa, na mpira uliopikwa hivyo hauyeyuki tena. Ukizidishiwa joto huungua tu.

Katika mbinu iliyobuniwa na mhandisi Charles McDonald mjini Phoenix, Arizona, katika miaka ya 1960, matairi husagwa kuwa chenga, nyaya za chuma huondolewa kwa sumaku, kisha chenga hizo hukorogwa kwa karibu saa moja ndani ya lami yenye joto la nyuzi 175 za Selsiasi au zaidi. Humo hunyonya mafuta mepesi ya lami na kuvimba kama maharage yaliyolowekwa, na lami inayobaki huwa nzito zaidi, isiyolainika upesi joto linapopanda. Phoenix, ikumbukwe, ni mji ambao kiangazi chake hupita nyuzi 40.

Wala barabara hiyo haidundi kama mpira wa kuchezea. Mpira ni takriban asilimia 15 hadi 20 ya lami, nayo lami haizidi sana sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Kinachobaki ni kokoto.

La kuogopwa kwa haki ni ugumu wa kushindilia mchanganyiko huo mzito: ukipoa kabla rola haijaushindilia vya kutosha, kokoto huanza kung'oka mapema.