Jino limetoboka: lizibwe kwa dawa gani?

Jino langu lina tundu lakini haliumi. Nisubiri?

Usisubiri, tafadhali. Tundu lisilouma ndilo jepesi kuziba. Likianza kukuamsha usiku, mara nyingi uozo umeshafika kwenye kiini chenye mishipa ya fahamu, na hapo ni kutibu mzizi au kung'oa. Inasikitisha kuona gego la kijana linang'olewa wakati mwaka jana lingezibwa kwa nusu saa.

Dawa nyeupe na ile ya rangi ya fedha zinatofautianaje?

Ya fedha ni amalgamu. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Ni imara, lakini Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, unataka watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha wasiwekewe, isipokuwa daktari aone hakuna budi. Kama unayo na ni nzima, iache. Kuichonga ndiko kunakotoa mvuke wa zebaki.

Nyeupe ya kompositi hugandishwa kwa mwanga wa buluu, tabaka baada ya tabaka. Mate yakipenya haishiki, ndiyo maana unajazwa pamba mdomoni.

Ipo pia glasi ayonoma, nayo naipenda kwa watoto. Hujishikiza yenyewe kwenye jino na hutoa floraidi, madini yanayoimarisha jino, kidogo kidogo. Ndiyo inayotumika sana katika kuziba bila mashine, mbinu iliyoanzia hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980: uozo laini unakwanguliwa kwa kijiko kidogo cha chuma, dawa inajazwa, kisha daktari anaikandamiza kwa kidole kilichopakwa vaselini. Hakuna mlio wa mashine, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki.

Nikishazibwa nile lini?

Kwa amalgamu, usitafunie upande huo kwa saa 24. Glasi ayonoma, subiri angalau saa moja. Kompositi imeshaganda, ila ngoja ganzi iishe usije ukajing'ata shavu.

Mbona jino lililozibwa huoza tena?

Huozea ukingoni, pale dawa inapokutana na jino. Piga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji, ili floraidi ibaki ikifanya kazi usiku kucha. Mkaa na majivu achana navyo, vinakwangua jino. Na soda ya kunywa funda moja moja mchana kutwa huumiza meno kuliko ile inayonyweka mara moja pamoja na chakula.