Kwa Nini Ikoni za Tovuti Hubadilika Kwenye Eneokazi, na Lini Uwe na Wasiwasi

Umewasha kompyuta, na ikoni ya tovuti unayoitumia kila siku imepoteza nembo yake. Mahali pake pana alama ya kivinjari au kijikaratasi cheupe. Ukiibofya, tovuti inafunguka kama kawaida. Swali la kwa nini hutokea hivyo hutufikia mara kwa mara katika kitengo chetu cha usalama wa TEHAMA, na anayeuliza huwa ameshaamua moja kati ya mawili: ama kompyuta imeingiwa na virusi, ama ni jambo dogo lisilofaa kupotezewa muda. Dhana ya kwanza mara nyingi si kweli. Ya pili ndiyo inayotutia hofu zaidi, kwa sababu mtu aliyezoea kuamini picha bila kusoma anwani ndiye anayewindwa na wahalifu.

Tuanze na kilichomo ndani ya ikoni hiyo. Ikoni hiyo huitwa njia ya mkato, na kwenye Windows ile ya tovuti kwa kawaida ni faili ndogo ya maandishi yenye kiendelezi, yaani mwisho wa jina la faili, cha .url. Fungua Notepad, programu ya maandishi ya Windows, kwanza, kisha buruta ikoni uiachie ndani ya dirisha lake, nawe utaona mistari michache tu. Mmoja huanza na URL=, nao ndio wenye anwani ya tovuti. Baadhi ya faili huwa pia na mstari wa IconFile=, unaoiambia kompyuta ikachukue picha wapi, pamoja na IconIndex=, nambari ya picha inayotakiwa iwapo ziko kadhaa mahali pamoja. Picha yenyewe haimo. Kompyuta huifuata kule ilikoelekezwa, na ikiikosa huweka nyingine badala yake. Karibu mabadiliko yote ya ikoni huanzia hapo.

Nembo hizi za tovuti zilianza kuenea Machi 1999, Microsoft ilipotoa Internet Explorer 5. Kivinjari hicho kilipoweka tovuti kwenye orodha ya vipendwa, kiliomba kutoka kwenye tovuti hiyo faili iitwayo favicon.ico. Vivinjari vingine vilifuata, na leo tovuti nyingi zinayo. Faili moja ya aina hii inaweza kubeba picha ileile kwa vipimo tofauti, kuanzia pikseli 16 kwa 16 hadi 256 kwa 256. Wenye tovuti wengine huweka kile kipimo kidogo peke yake, kwa hiyo picha ikitanuliwa kwenye eneokazi huonekana imefifia au ina kingo za ngazingazi. Hilo si kosa la kompyuta yako.

Sababu tunayoikuta mara nyingi zaidi ni usafishaji. Kivinjari kinapotengeneza njia ya mkato, kinaweza kuihifadhi nembo kwenye kache yake, yaani yale mafaili ya muda ambayo huwekwa ili kurasa zifunguke upesi. Siku unapofuta data ya kuvinjari, au programu ya kusafisha diski inapopita yenyewe, nembo huondoka pamoja na takataka nyingine. Mstari wa IconFile= unabaki ukielekeza mahali ambapo hapana kitu. Anwani haijaguswa, ndiyo maana tovuti bado inafunguka. Kuna pia njia za mkato ambazo mstari huo unaelekeza moja kwa moja kwenye picha iliyoko kwenye seva ya tovuti, yaani kompyuta inayoihifadhi tovuti. Wenye tovuti wakibadilisha nembo au wakiihamisha, ikoni yako nayo hubadilika au hupotea.

Sababu ya pili huwashtua watu kuliko zote, kwa kuwa ikoni zote za tovuti hubadilika kwa mkupuo. Njia ya mkato isiyo na mstari wa IconFile= huvaa alama ya kivinjari chaguo-msingi, kile kinachofungua viungo usipochagua kingine. Ukisakinisha kivinjari kipya na kukubali kiwe chaguo-msingi, au sasisho la mfumo likabadilisha mpangilio huo, ikoni zote za namna hiyo hubadilika pamoja. Wengi walishuhudia jambo kama hili Internet Explorer 11 ilipoacha kuhudumiwa Juni 15, 2022 kwenye matoleo mengi ya Windows 10 na nafasi yake kushikwa na Edge. Hapa kuna jambo moja la kuangalia: je, ni wewe uliyebadilisha kivinjari? Kama hukuwahi kukubali chochote, na kivinjari kilichojitokeza hukijui, kichunguze kabla ya kuandika nenosiri lolote ndani yake.

Ya tatu ni kache ya ikoni ya Windows yenyewe. Mfumo huhifadhi nakala za ikoni zote ili usizichore upya kila mara, na hifadhi hiyo ikiharibika, picha huchanganyika. Utaitambua kwa sababu haichagui: programu na folda huathirika sawa na tovuti. Kuwasha kompyuta upya mara nyingi hutosha. Isipotosha, fundi anaweza kufuta faili zinazoanza na jina iconcache. Windows huziunda tena yenyewe, na hakuna kazi yako inayopotea.

Chrome na Edge zina namna nyingine ya njia ya mkato, ile inayofungua tovuti kwenye dirisha lake kama programu. Hii huwa ni faili ya .lnk, na picha yake hukaa ndani ya wasifu wako wa kivinjari, yaani folda yenye mipangilio na data yako. Ukifuta wasifu huo, ikoni hubaki bila picha na hata kubofya kunaweza kushindikana. Dawa ni kuitengeneza upya kutoka kwenye kivinjari. Kwenye kompyuta za Mac njia ya mkato ni faili ya .webloc, na kwenye Linux ni .desktop, ambayo picha yake hutajwa kwenye mstari wa Icon=.

Kama unataka nembo isipotee tena, hifadhi faili ya picha ya .ico kwenye folda yako ya nyaraka, pasipofikiwa na usafishaji wa kivinjari. Kisha bofya ikoni kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, bonyeza Change Icon na uielekeze kwenye faili hiyo.

Sasa tufike kwenye hatari. Kwa kuwa picha huchaguliwa na yeyote aliyetengeneza faili, mhalifu naye anaweza kuichagua. Julai 2024 Microsoft iliziba udhaifu wa Windows uliopewa nambari CVE-2024-38112 katika orodha ya kimataifa ya udhaifu wa programu. Washambuliaji walikuwa wakisambaza faili za .url zilizovishwa ikoni ya PDF, zikiwa na majina yanayofanana na ya vitabu na nyaraka. Aliyebofya akidhani anafungua waraka alipelekwa kwenye tovuti yao kupitia Internet Explorer, kivinjari kilichokwisha kustaafishwa lakini ambacho bado kilikuwa na mabaki ndani ya Windows. Kilichowasaidia ni jambo ambalo watumiaji wachache wanalijua: Windows huficha kiendelezi cha .url hata pale ulipoamuru viendelezi vyote vionekane. Faili iitwayo ripoti.pdf.url itasomeka ripoti.pdf tu. Lakini anwani iliyokuwa ndani yake ilianza na neno mhtml:, wala si https://. Aliyeisoma anwani angekuwa na sababu ya kusita; aliyeitazama picha hakuwa nayo.

Mstari wa picha nao unaweza kugeuzwa silaha. Mwaka 2010 kirusi cha Stuxnet kilitumia udhaifu wa Windows katika namna ya kuonyesha ikoni za njia za mkato: kufungua tu folda ya kifaa cha USB kilichoambukizwa kulitosha kukiendesha kirusi hicho, bila kubofya chochote. Microsoft ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba udhaifu huo, Agosti 2 mwaka huohuo. Mbinu nyingine ambayo bado hutumika ni kuandika kwenye IconFile= anwani ya kompyuta ya mbali, inayoanza na mikwaju miwili ya nyuma, namna hii: \\. Windows ikienda kuifuata picha, inaweza kujitambulisha kwa kompyuta hiyo kwa kutumia akaunti yako, na kilichofichwa ndani ya utambulisho huo kikatumiwa kujaribu kulipata nenosiri lako. Ndiyo sababu tunasisitiza usifungue folda zilizobanwa (kama za .zip) kutoka kwa mtu usiyemjua hata kama unataka kuchungulia tu, na usiahirishe masasisho ya mfumo.

Kwa hiyo ikoni ikibadilika, bofya kitufe cha kulia na uchague Properties. Kwa faili ya .url, soma kisanduku cha URL herufi kwa herufi, hasa sehemu iliyo kati ya https:// na mkwaju unaofuata, kwa sababu hiyo ndiyo inayotaja tovuti unayokwenda. Jina la benki likionekana baada ya mkwaju huo, halithibitishi kitu. Kwa faili ya .lnk, soma kisanduku cha Target. Njia ya mkato ya tovuti iliyotengenezwa na Chrome au Edge huwa na maneno --app-id= yakifuatiwa na mfululizo wa herufi 32, na hilo ni la kawaida. Lakini ikiwa ni ikoni ya kivinjari chenyewe, na mwisho wa Target umeongezewa anwani ya tovuti ambayo hukuiweka, kuna programu iliyoingilia kati ili kila unapofungua kivinjari upelekwe kwenye tovuti hiyo.

Ukikuta hivyo, au ukakuta anwani usiyoitambua, usiibofye na usiifute. Piga picha ya dirisha hilo la Properties, tenga kompyuta na intaneti, na uwape mafundi wako wa TEHAMA picha hiyo pamoja na faili yenyewe bila kuihamisha, kwani mistari yake michache huonyesha ilikotoka. Kama ulishaandika nenosiri kwenye ukurasa uliofunguka, libadilishe sasa hivi ukitumia kifaa kingine, ukiandika anwani ya tovuti kwa mkono.