Je, wajua kwa nini kimya huwa "jii"?

Kimya hakina sauti. Hata hivyo, Mswahili akitaka kusema kwamba ukumbi mzima ulinyamaza, atasema ulinyamaza jii. Mtoto aliyezama usingizini amelala fofofo, ingawa "fo" si mkoromo wala pumzi. Shuka lililofuliwa likatakata ni jeupe pe. Weupe ulilia lini hata masikio ya watu yakasikia "pe"?

Swali linakuwa gumu kwa sababu ya fasili tuliyokaririshwa shuleni. Vitabu vingi, Kenya na Tanzania, vinasema tanakali za sauti ni maneno yanayoiga sauti ya kitu au tendo. Kisha ukurasa uleule, bila haya, unatoa mifano: anguka majini chubwi, lala fofofo, nyeupe pe, nyeusi tititi, jifunika gubigubi, lewa chakari. Katika mifano hiyo sita, ni wa kwanza tu wenye mlio wa kuigwa. Gubigubi ni mtu aliyejifunika kuanzia utosini hadi vidole vya miguu. Mtegee sikio, hutaambulia kitu. Mlevi chakari anaweza kupiga kelele au akawa amejinyamazia pembeni, na bado ni chakari. Yaani fasili inakanushwa na orodha iliyo chini yake, na wanafunzi huzikariri zote mbili.

Kilichopotea hapo ni neno dogo "kwa": kuiga sauti ni jambo moja, kuiga kwa sauti ni jingine. Tanakali hutumia sauti kama kifaa; kinachoigwa kinaweza kuwa chochote. Mwaka 1935 Clement Doke, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, alipokuwa akipanga istilahi za sarufi ya lugha za Kibantu, aliyatengea maneno haya kundi lao na kuyaeleza kuwa ni uwasilishaji hai wa wazo kwa njia ya sauti. Alisema wazo, hakusema mlio. Wazo laweza kuwa rangi, harufu, unyevu, mwendo, hata kutokuwepo kwa sauti.

Wajapani, ambao lugha yao imejaa maneno ya aina hii, wana majina mawili tofauti: giongo kwa yale yanayoiga milio, gitaigo kwa yale yanayoonyesha hali. Na wao pia wana neno la kimya, shiin, ambalo wachoraji wa katuni huliandika kwa herufi kubwa katikati ya chumba ambamo hakuna anayesema. Sisi tumeviweka vyote kapu moja, kisha tukaliandika kapu jina la nusu ya vilivyomo.

Sasa, neno linaigaje kitu kisicho na sauti?

Mvuvi akirudi ufukoni anaweza kukuambia kwamba changu aliyemponyoka alikuwa mkubwa. Hapo ameeleza. Neno "mkubwa" lenyewe halina ukubwa wowote. Lina silabi tatu, sawasawa na "mdogo". Lakini mvuvi huyohuyo anaweza kutanua mikono, na hapo ameonyesha. Mikono haina magamba wala mapezi, na nafasi iliyo kati yake haina rangi ya changu. Imebeba sifa moja tu, urefu, ila sifa hiyo iko mbele ya macho yako (au tuseme urefu anaoudai uko mbele ya macho yako). Tanakali hufanya hivyo kwa kinywa. Humwacha samaki mzima, ikachukua kipimo kimoja: muda, ghafla, uzito, marudio, ukamilifu.

Kwa hiyo "jii" haiigi kimya chote. Imechukua kutokatika kwake. Irabu inaanza na kuendelea vilevile, haipandi, haishuki, wala hakuna konsonanti ya kuifunga mwishoni. "Fofofo" imechukua hali ya kutobadilika: silabi moja inarudi bila kugeuka, kama mtu asiyejigeuza kitandani. "Pe" imechukua ukomo. Midomo inaachia mara moja na kazi imekwisha, weupe umefika mwisho wake. Na kama mvuvi anavyoweza kuisogeza mikono mbalimbali kidogo hadithi ikinoga, msemaji naye huongeza: pepepe, jiiii, tititi. Hata maneno ya kawaida huazima mbinu hii. Muulize mtu njia, akikwambia "kulee" ukadhani ni karibu, atakurekebisha: "kuleeee". Umbali ameupima kwa irabu.

Ukitaka kuona ufundi huu kwa karibu, chukua familia ya "anguka", ambayo watoto wa Kenya waliofanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofikia tamati 2023, wanaijua kwa moyo. Ukianguka majini ni chubwi, matopeni ni tapwi, mchangani ni tifu, sakafuni ni pa. Zitamke taratibu uone kinywa kinafanya nini. Katika chubwi, "ch" ni maji yanayopasuka, kisha midomo inafumba kwenye "b" na kuachia kwa mviringo wa "w", maji yakijifunga juu ya kilichozama. Katika tapwi kuna kishindo kifupi, halafu midomo inanatana ikaachana kwa shida, kama linavyofanya tope. Tifu haina mnato. Inaishia na "fu", hewa inayotoka taratibu, vumbi linatimka. Pa haina maji, tope wala vumbi. Ni sakafu tu.

Inavutia, ila tahadhari. Uchambuzi wa namna hii ni rahisi sana kwa aliyekwisha kuambiwa jibu. Kipimo cha haki ni mtu asiyeijua lugha. Mwaka 2016 mwanaisimu Mark Dingemanse na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambamo Waholanzi walisikilizishwa maneno ya aina hii kutoka lugha tano za mbali, zikiwemo Kijapani, Kikorea, na Kiewe na Kisiwu zinazozungumzwa Ghana, wakatakiwa kuchagua maana moja kati ya mbili. Walipatia kuliko kama wangerusha shilingi, lakini si kwa kiasi cha kupigia kelele, na walifanya vizuri zaidi kwenye maneno ya milio. Upande mwingine kuna majaribio maarufu ya maneno ya kubuni "bouba" na "kiki": watu wa lugha nyingi, na utafiti wa 2022 ulipima lugha 25, huelekea kulipa umbo la mviringo jina la bouba na lenye ncha jina la kiki. Kwa hiyo sauti ina mvuto wake wa asili, ila mvuto huo ni wa kusaidia. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na mazoea.

Mazoea hayo hata milio halisi haiepuki. Jogoo wa Mfaransa huwika cocorico, wa Mjerumani kikeriki, na ndege ni yuleyule. Chubwi nayo imepita kwenye chujio la Kiswahili, maana lugha yetu hupenda silabi iishie kwa irabu, hata kama maji yenyewe hayana habari hiyo.

Kwenye rangi ndipo nadharia ya mvuto wa asili inapoanza kupwaya. Tazama "pe": ni mkia wa -eupe. "Ndu", katika nyekundu ndu, ni mkia wa -ekundu. Inawezekana kabisa kwamba hapa hakuna picha iliyochorwa, ila neno limerudia silabi yake ya mwisho kwa msisitizo, na sikio likaizoea kama tanakali. Maelezo hayo yanakwama kwenye nyeusi, kwa kuwa "ti" haimo ndani ya -eusi. Na atakayedai kwamba irabu "i" kwa asili yake ina weusi itabidi aeleze kwa nini giza ni totoro, lenye "o" tupu. Wala huwezi kuzibadilisha: anayesema "nyeusi pe" atachekwa, ingawa ukamilifu ameuonyesha vizuri tu.

Sarufi nayo imehangaika na maneno haya. Mtu mweupe pe, mashuka meupe pe, nyumba nyeupe pe. Kila kitu kinafuata ngeli isipokuwa "pe", iliyokaa pembeni haiguswi na upatanisho. Wataalamu wengine wameyaweka chini ya vielezi na kuyaita vielezi viigizi, na yakatulia hapo, japo "polepole" na "chubwi" hazifanyi kazi moja. La kwanza linaeleza tendo lilivyokwenda. La pili linalitenda tena mbele yako.

Huyohuyo Dingemanse alipendekeza mwaka 2012 kwamba tanakali za dunia zimepangika kwa ngazi. Lugha yenye chache huwa na za milio kwanza, halafu za mwendo, halafu za mwonekano, halafu za ladha, harufu na mguso, na mwisho kabisa za hisia za ndani ya mtu. Kiswahili kinapanda ngazi hiyo vizuri: chubwi, fyatu, pe, kunuka fee, kulowa chepechepe. Kileleni ndipo panapopungua watu. Huko, kwa sikio langu, Kiswahili huachia kazi misemo ya moyo, roho na tumbo.

Ustadi mkubwa zaidi uko kwenye methali moja ya zamani: Chururu si ndo ndo ndo. Ukiondoa "si", imebaki tanakali tupu. Chururu ni mfululizo, "r" na "u" zinateleza bila kizuizi. Ndo ndo ndo ni tone, kituo, tone, kituo. Hakuna maji yaliyotajwa, hakuna chombo, hakuna kitenzi, na bado msikilizaji anaona mitungi miwili na anajua upi utajaa mapema.

Kuna tanakali zilizohama zikawa nomino, na hapo ndipo zinapolipa kodi. Kwikwi sasa inashika ngeli kama neno lolote: kwikwi imemshika, kwikwi zimekwisha. Kukurukakara za maisha zina wingi na zina mwenyewe. Pikipiki, ambayo husemwa ilitokana na mlio wa injini, imetulia kabisa kwenye kamusi, inasajiliwa na kukatiwa bima. Mlio umebaki kuwa jina tu, kiasi kwamba msimulizi akitaka kuipitisha mbele ya masikio yako, pikipiki peke yake haitoshi. Inabidi aongeze vuuuu.