Unaishi Dar, mteja yuko Nairobi: kodi unalipa wapi?

Wanaonijia zaidi na swali hili ni Wakenya wanaoishi Dar: watengeneza tovuti, watafsiri, wahariri wa video, wenye wateja huku na kule. Wengi huja na jibu tayari: "Nimekaa Tanzania zaidi ya siku 183, Kenya hainihusu tena." Siku hizo zinamfanya kweli kuwa mkazi wa Tanzania kikodi. Kumtoa Kenya ni jambo jingine.

Sheria ya kodi ya mapato ya Kenya huanza na makao ya kudumu. Ukiwa nayo, na mwaka huo ukakanyaga Kenya hata kwa wiki ya Krismasi, wewe ni mkazi wake. Nyumba uliyoiacha Kitengela na makochi yake ina uzito kuliko mihuri ya pasipoti. Basi mtu mmoja, mkazi wa nchi mbili. Kwa kawaida mvutano huo huamuliwa na mkataba wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili, ila ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliosainiwa 2010, haujaanza kutumika.

Tuje kwenye ankara. Mteja wa Nairobi akikulipa ada ya ushauri ya KSh 100,000, anakata kodi ya zuio, yaani kodi anayoizuia kwenye malipo yako na kuipeleka serikalini: 5,000 ukiwa mkazi wa Kenya, 15,000 ukiwa si mkazi lakini raia wa nchi ya Jumuiya. Ile 5,000 ni ya kutanguliza tu. Ritani ya mwaka kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, iko palepale, mwisho 30 Juni.

Kinachouma zaidi kiko upande wa Tanzania. Mkazi anaruhusiwa kupunguziwa kodi aliyokwisha kulipa nje, lakini kwa mapato yenye chanzo nje. Na chanzo cha malipo ya huduma, kwa sheria yetu, ni pale huduma inapotolewa, hata kama mlipaji yuko kwingine. Kazi uliyoifanya ukiwa Mikocheni ni pato la Tanzania, ingawa pesa imetoka Westlands. TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, wakisimamia hapo, cheti chako cha zuio cha Kenya hakikupunguzii kitu. Wageni wapya nao hukwama hapohapo: aliyekuwa mkazi kwa jumla ya miaka miwili au pungufu maishani mwake hutozwa kwa mapato ya Tanzania pekee, na pato lenyewe ndilo hilo!

Kwa hiyo mimi huanzia kwenye mkataba wako na mteja, kabla hujakubali bei. Mweleze mteja kwa maandishi wewe ni mkazi wa wapi, na uhesabu zuio ndani ya bei. Kazi ulizokwenda kuzifanya Nairobi kwenyewe zitolee ankara zake na utunze tiketi. Hizo ndizo zenye hoja ya kupunguziwa. Hapa Dar makadirio ya kodi ya mwaka hulipwa kwa awamu nne, ya kwanza 31 Machi, na pato la Nairobi liwemo tangu awamu hiyo. Cheti cha zuio kidai kila unapolipwa, maana mhasibu wa mteja akishahama kazi, kukipata ni shughuli.