Mchuzi si kitoweo: mtoto anapoanza kushika chakula mwenyewe

Siku moja ya kliniki mama alikaa mbele yangu na mtoto wa miezi tisa mapajani. Mtoto alikuwa ameshika biskuti, nusu imeshageuka uji ndani ya ngumi yake, nusu imeishia kwenye kanga ya mama. Kwenye kadi, mstari wa uzito ulikuwa umelala tangu alipofika miezi sita. Nikamuuliza mtoto anakula nini.

"Anakula vizuri tu, dokta. Asubuhi uji wa lishe, mchana ugali na mchuzi wa nyama, jioni wali na mchuzi wa maharage."

Na nyama yenyewe je?

"Jamani, nyama ataiwezea wapi, hana meno!"

Mimi si daktari, ni afisa lishe, ila kliniki kila aliyevaa koti jeupe ni dokta. Jibu la mama huyu ninalisikia karibu kila wiki, na ndilo linalonifanya niandike. Watoto wetu wengi wanapewa mchuzi, kitoweo wanakula wakubwa. Mchuzi una harufu ya nyama, rangi ya nyama na chumvi ya kutosha, lakini protini na madini chuma kwa sehemu kubwa yamebaki kwenye nyama iliyoko sahani ya baba. Supu ya mifupa ni hivyo hivyo. Maji ya maharage pia.

Kwa nini ninang'ang'ania madini chuma? Mtoto anazaliwa na akiba aliyoichota kwa mama yake tumboni. Ikifika miezi sita akiba hiyo imepungua sana, na maziwa ya mama, pamoja na sifa zake zote, yana madini chuma kidogo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita ya kwanza, kisha aanze chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili na zaidi. Chakula hicho cha nyongeza kina kazi maalumu: kuziba pengo ambalo maziwa hayaliwezi tena. Na nafasi ni ndogo. Tumbo la mtoto wa kilo 8 linachukua takriban mililita 240 kwa mlo mmoja, yaani kikombe kimoja cha chai. Ukikijaza kikombe hicho uji mwepesi, umemaliza nafasi yote kwa maji.

Na hili si suala la njaa peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa ileile inayoilisha nchi mahindi. Wanga umejaa ghalani. Kinachokosekana ni kile kinachoandamana nao.

Sasa turudi kwenye ile biskuti. Mama alikuwa na wazo zuri: mtoto wa miezi tisa anataka kushika. Tangu anapoweza kukaa kwa kuegemezwa kidogo, shingo ikiwa imara, na anachokiokota kinakwenda moja kwa moja mdomoni, mikono yake inaomba kazi. Wengi hufika hapo karibu na miezi sita au saba. Sisi tunaokula tonge kwa mkono hatuhitaji kufundishwa kwamba mkono ni chombo cha kulia. Nchi nyingine wamelazimika kugundua upya. New Zealand, watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago walifuatilia familia zilizowaachia watoto wajilishe tangu miezi sita, lakini kwa sharti: kila mlo uwe na chakula chenye madini chuma, uwe na chakula cha kutia nguvu, na kisiwepo cha kumkwama. Watoto hao hawakupaliwa zaidi ya wenzao waliolishwa kwa kijiko. Ila kwenye makundi yote mawili, wazazi wengi walikutwa wakiwapa watoto vyakula vya hatari. Kumbe hatari haikuwa mkono wala kijiko, ilikuwa kile kilichowekwa sahanini.

Mimi sishauri kuacha kijiko. Uji mzito na vyakula vya kuponda viendelee, hasa kwa mtoto aliyezaliwa njiti au ambaye uzito unasuasua, maana mtoto anayejilisha peke yake anaangusha nusu na kuchezea robo. Mpe vyote viwili katika mlo mmoja: wewe una kijiko, yeye ana chake mkononi. Utaona hata mdomo anaufungua kwa hiari. Kinachotakiwa kukoma ni ile desturi ya kumlaza mtoto mapajani, kiganja kikawekwa mdomoni kama bakuli, uji ukamiminwa, pua zikabanwa ili ameze. Nami nilimfanyia hivyo mwanangu wa kwanza, kabla sijasoma. Mtoto anayelishwa akiwa amelazwa na analia anaweza kuvuta uji ukaingia kwenye mapafu, na akikua kidogo, akiona kikombe tu anageuza shingo.

Kuhusu umbo la chakula, angalia mkono wake. Miezi sita mpaka minane anashika kwa ngumi nzima na kula kinachochomoza juu, kwa hiyo kata kipande kirefu kama kidole cha mtu mzima. Kuanzia miezi tisa hivi anaanza kudonoa kwa kidole gumba na cha shahada. Hapo ndipo vipande vidogo kama punje ya maharage vinapomfaa. Ulaini unaupima hivi: bonyeza kipande kati ya vidole vyako viwili. Kikipondeka bila kutumia nguvu, fizi zake zinakiweza. Anayedharau fizi za mtoto amuulize mama anayenyonyesha.

Nianze na yai, kwa sababu ndilo rahisi na ndilo linalonyimwa. Bado kuna nyumba zinazoamini mtoto akila yai atachelewa kusema. Hakuna ukweli hapo. Piga yai moja, changanya na kiganja cha mchicha uliokatwa laini kabisa, kaanga kwa mafuta kidogo mpaka liive lote, kisha likate mikanda kama utepe. Mikanda hiyo haibomoki mkononi, na hapo mtoto amekula yai zima bila vita.

Maini ya kuku ni laini na yamejaa madini chuma. Yapike mpaka damu iishe ndani, kata vipande virefu, mpe ayafyonze na kuyang'ata. Mara moja kwa wiki inatosha, kwa sababu maini yana vitamini A nyingi mno. Nyama ya ng'ombe nzima ni ngumu, hata tukiichemsha jioni nzima, hivyo nunua ya kusaga robo kilo, changanya na kiazi mviringo kilichopondwa, tengeneza vidole badala ya duara, vichemshe ndani ya mchuzi wa nyanya. Ni katlesi isiyokaangwa, na wakubwa wakiionja hawaiachi.

Dagaa ndiyo nyama ya mnyonge na mimi ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa bei yake na kwa sababu mtoto anaila na mifupa yake. Dagaa wa Mwanza huwa na mchanga. Toa vichwa, osha mara tatu au nne, anika, kaanga bila mafuta mpaka wakauke kabisa, twanga au saga, chekecha. Dagaa wa baharini mara nyingi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waloweke kwanza na maji yale uyamwage. Unga huo uweke kwenye chupa kavu yenye mfuniko. Halafu chemsha kiazi lishe, kile cha rangi ya chungwa, kiponde, tia kijiko kimoja cha chakula cha unga wa dagaa, finyanga vidole, vigeuze kwenye kikaango cha chapati kilichopakwa mafuta kidogo mpaka vifanye ngozi nyembamba. Ngozi ile ndiyo inayomsaidia mtoto kushika bila kiazi kumponyoka.

Maharage yaloweke usiku kucha, maji ya kulowekea yamwage, pika mpaka yapasuke, kisha yasugue juu ya chekecheo ili maganda yabaki. Rojo linalotoka changanya na wali bokoboko, finyanga matonge marefu. Mseto wa choroko na tui zito la nazi hauhitaji hata kufinyangwa sana, unashikana wenyewe. Kwa kuwa madini chuma ya kunde na mboga hayafyonzwi kirahisi kama ya nyama, weka pembeni kipande cha papai, chungwa lililotolewa kokwa na ngozi, au kamulia limau. Chai usimpe, hata ya rangi, hata kidogo ya "kulainishia". Inazuia madini hayo yasiingie mwilini.

Ugali sijausahau. Usonge laini, mpe tonge jembamba, lakini kabla hujampa libonyeze ndani yake samaki uliyemchambua. Kumchambua kwa macho hakutoshi. Pitisha kila kipande cha minofu kati ya vidole, miba midogo utaisikia kabla hujaiona.

Matunda yanateleza. Parachichi na ndizi mbivu viringisha kwenye karanga zilizokaangwa na kusagwa unga, hapo umemaliza mambo mawili kwa mpigo. Au ndizi ioshe na ganda lake, menya nusu ya juu, ganda la chini liwe mpini. Karanga zenyewe zichague moja moja kabla ya kukaanga: iliyosinyaa, yenye ukungu au iliyobadilika rangi itupe, na kuku pia usiwape. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haionekani wala haiondoki kwa kupikwa, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Hapo ndipo ninapokuwa na shaka na ule unga wa lishe wa nafaka kumi na karanga ndani, uliosagwa miezi mitatu iliyopita. Nafaka kumi bado ni nafaka. Chukua moja au mbili, na karanga uziongeze siku ya kupika.

Vya kumnyima vipo, na vingi tunavitoa kwa upendo. Karanga nzima, bisi, punje za mahindi ya kuchemsha, kipande cha muwa, karoti mbichi, pipi, mnofu mgumu wa nazi, zabibu nzima: hivi vyote vinaziba koo. Asali asipewe mpaka atimize mwaka, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo utumbo wake hauvimudu. Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka. Chumvi na sukari usimtilie, mtolee chakula chake kwenye sufuria kabla hujakoleza cha familia.

Mtoto anayejifunza kula atakohoa, atatoa ulimi nje, atafanya kama anataka kutapika, uso mwekundu na kelele juu. Huyo anajiokoa mwenyewe, mwache huku ukimwangalia. Anayepaliwa kweli hana sauti: halii, hakohoi, midomo inabadilika rangi. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, mpige kwa kiganja kati ya mabega mara 5. Kisipotoka, mgeuze chali, mbonyeze katikati ya kifua mara 5, rudia, na mtu mwingine awe anatafuta usafiri. Usiingize kidole kooni kutafuta usichokiona. Utakisukuma ndani zaidi. Kwa sababu hiyo mtoto ale akiwa amekaa wima, mtu mzima akiwa pale pale, si akitambaa na kipande mkononi wala mgongoni kwenye mbeleko.

Mara ngapi? Miezi sita mpaka minane, mara mbili hadi tatu kwa siku, ukianza na vijiko viwili au vitatu na kupanda taratibu hadi nusu kikombe. Kuanzia miezi tisa, mara tatu hadi nne, na kitafunwa katikati akikitaka. Awe na sahani yake. Kwenye sinia la pamoja na kaka zake, mwenye mkono mfupi anaambulia wali mkavu. Mikono yake ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kama unavyoosha yako, maana leo mikono hiyo ndiyo kijiko.

Mama yule wa biskuti nilimwomba jambo moja, arudi kliniki na anayemlisha mtoto. Alikuja na bibi mtu, kwa sababu yeye anatoka asubuhi kwenda genge na kurudi jioni. Mimi nilikuwa nimetoa somo zima kwa mtu asiyeshika sufuria. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua kipande cha ini kwenye sahani yangu ya mafunzo, akakibonyeza kwa vidole, akampa mjukuu. Mtoto alikitazama, akakitia mdomoni, akakunja uso, akakitupa chini. Bibi akaniangalia kama mtu aliyeshinda kesi.

Nikampa kingine. Mtoto anaweza kukataa chakula kipya mara nane, kumi, kabla hajakizoea, na kila mara unakileta bila kugombana naye, kipande kimoja tu, kando ya kile anachokijua. Vya kudondoka vitadondoka. Tandika kipande cha turubai chini ya mkeka, na kama una kuku uani, kufagia hakukuhusu.