Spondilaitisi nyumbani: mgongo usiotaka kupumzishwa

Shida inaanzia kwenye jina. Kila kiungo kinachouma tumekiita “baridi yabisi”, basi mgongo ukichachamaa mtu anavalishwa sweta na kukatazwa hata kunawa maji baridi. Spondilaitisi hailetwi na baridi. Ni kinga ya mwili inayogeukia maungio yake yenyewe, kwanza pale mgongo unapokutana na nyonga, na kuyatia mchochota, yaani uvimbe wa ndani wenye maumivu. Baridi huongeza tu kukakamaa. Ndiyo maana kanga iliyochovywa maji ya moto ikakamuliwa vizuri, ukaiweka kiunoni robo saa, inaleta nafuu. Iwe ya moto, isiwe ya kubabua. Na kuna mengine tunayoambiwa kila siku:

“Mgongo ukiuma, lala mpaka upoe.”

Hili ndilo limetuumiza wengi wenye ugonjwa huu. Mgongo ulioteguka kwa kubeba ndoo hupata nafuu ukiutuliza kidogo. Huu wa mchochota ni kinyume chake: unakuamsha saa tisa au saa kumi usiku, asubuhi umekauka kama ubao kwa nusu saa au zaidi, halafu ukitembeatembea unalegea.

Mimi sishuki kitandani kwa kukurupuka. Navuta goti moja kifuani, kisha la pili, nayalaza yote mawili kulia na kushoto mara kumi. Nageukia ubavu, nashusha miguu, nasukuma godoro kwa mikono ndipo naketi. Siku mbaya napunguza mazoezi lakini siyaachi: nakwenda hadi dukani na kurudi, dakika kumi, mara tatu nne kwa siku. Jioni nalala kifudifudi dakika 15 bila mto. Pingili za mgongo zikiachwa miaka na mchochota zinaweza kuungana, na heri ziungane mgongo ukiwa umenyooka kuliko ukiwa umepinda.

“Tafuta fundi auvunje mgongo mpaka ulie ko!”

Hapana. Pingili zilizoanza kuungana huwa dhaifu, na zinaweza kuvunjika kwa nguvu ndogo tu. Kuchuliwa misuli taratibu hakuna ubaya. Ukianguka, hata kwa kuteleza bafuni, na maumivu mapya makali yakaanza, usikandwe: nenda hospitali.

“Kijana haumwi mgongo, hiyo ni ngiri au figo.”

Ugonjwa huu kwa kawaida huanza kabla ya miaka 45, na wanawake wanaupata pia. Wengine huambiwa hawanao kwa sababu kipimo cha HLA-B27, jeni inayohusishwa na ugonjwa huu, hakikuonyesha kitu. Uhusiano huo ulijulikana mwaka 1973, lakini kwetu Afrika kusini mwa Sahara jeni yenyewe ni adimu, na wagonjwa wengi hawana. Eksirei nayo inaweza kuwa safi kwa miaka, wakati MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, ingeona mchochota mapema.

“Dawa za maumivu zote ni mamoja.”

Paracetamol hupunguza maumivu, haigusi mchochota. Zinazougusa ni jamii ya ibuprofeni, diklofenaki na naproksini, na hizo zina bei yake: vidonda vya tumbo, figo, presha. Zimeze baada ya kula, moja tu kati yake, kwa kipimo ulichopewa. Kumeza ibuprofeni asubuhi na kuchomwa sindano ya diklofenaki mchana ni kujiumiza mara mbili. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, presha au ujauzito aongee na daktari kwanza.

Na zile dawa za kusagwa zisizo na lebo zinazotuliza kila kitu ndani ya siku moja? Mimi hunitia shaka zaidi zinapofanya kazi haraka. Dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa na steroidi, dawa kali za kuzima mchochota, na steroidi ukiitumia muda mrefu kisha ukaikata ghafla, inaweza kukuangusha vibaya.

Kuhusu nyama nyekundu tunayokatazwa: anayeambiwa aiache ni mgonjwa wa gauti, ugonjwa mwingine wa maungio, na tunachanganya magonjwa. Sigara ndiyo ya kuacha, maana huchochea huu wetu.

“Jicho limekuwa jekundu, ni vumbi tu.”

Kwa mwenye spondilaitisi, jicho jekundu linalouma, lisilotaka mwanga au linaloona ukungu, linaweza kuwa mchochota uleule umehamia machoni. Hilo halitibiwi nyumbani. Ni hospitali siku hiyohiyo, na usilitie maji ya chumvi wala maziwa ya mama.