Kwa nini walimu wa insha hung'ang'ania sentensi kuu ianze aya?

Kila aliyefundishwa insha analikumbuka agizo hili: aya moja, wazo moja, na wazo hilo litajwe mwanzoni, katika sentensi moja iitwayo sentensi kuu. Je, wajua kwamba waandishi wenye uzoefu hawalifuati sana? Mwaka 1974, Mmarekani Richard Braddock alichapisha utafiti wa makala 25 kutoka majarida ya kwao. Alikadiria kuwa aya za ufafanuzi zilizoanza kwa sentensi kuu hazikuzidi asilimia 13 au karibu na hapo.

Agizo lenyewe lina umri mkubwa. Mwaka 1866 Alexander Bain, profesa wa Aberdeen huko Scotland, aliandika kuwa sentensi ya kwanza ndiyo imwonyeshe msomaji aya inahusu nini. Shule zikalishika.

Mbona basi walimu hawaliachi? Kwa sababu msomaji wa mwanafunzi si msomaji wa jarida. Chukua karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya: mtahiniwa huandika insha mbili, kila moja na alama 20, maneno yasipungue 400. Mtahini ana rundo mezani na anawinda hoja. Hoja ikijificha kwenye sentensi ya sita, baada ya "wahenga walilonga" na mapambo mengine, huenda akaipita.

Lakini kutangulia peke yake hakutoshi. Tazama sentensi hii: "Simu ya mkononi ina faida nyingi kwa mkulima." Haina kosa la sarufi, ila haisemi kitu. Chochote chaweza kuifuata, na kwa kawaida hufuatwa na mambo manne yaliyorundikwa pamoja. Sasa ilinganishe na hii: "Mkulima mwenye simu hapunjwi na dalali kirahisi, kwa kuwa anaijua bei ya sokoni kabla ya kuvuna." Hapa msomaji anauliza papo hapo: anaijuaje? Aya iliyobaki inajibu swali hilo, basi. Habari za kutuma pesa zinajiondoa zenyewe, zinasubiri aya yake. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa ya sentensi kuu: kumzuia mwandishi asitangetange.

"Aidha," "vilevile" na "isitoshe" ni viunganishi tu. Wanafunzi wengi huviweka mwanzoni mwa aya wakadhani wamemaliza kazi.

Ukitaka kupima insha yako, soma sentensi ya kwanza ya kila aya, ruka zilizobaki. Mtiririko wa hoja ukieleweka, umefaulu. Zikisikika kama vichwa vya habari visivyojuana, rudi kwenye mpango wako kabla hujagusa lugha.

Insha ya masimulizi usiipime hivyo. Ukianza aya kwa kutangaza kuwa mwizi atakamatwa, nani atasoma mengine?